Mikono ya Mama, Mgongo wa Mama

Kundi letu lilikuwa la watu tisa, sote wakazi wa Kolwezi, sote na kamera tulizoziita ibridi: zile ndogo zisizo na kioo ndani, ambazo ukiweka jicho unaona skrini inayokuonyesha picha jinsi itakavyotoka kabla hujabonyeza. Tulikutana zaidi ndani ya simu, na mara nyingine nyumbani kwetu. Kila Jumamosi mmoja wetu alitoa mada, tukapiga, tukatumiana, kisha tukachambuana hadi Jumapili baada ya ibada. Nje ya simu tulikuwa watu wa kawaida. Mimi ni karani wa bohari katika kampuni moja ya migodi. Kazi yangu ni kuwapa mafundi glovu, mikanda na boliti wanapokuja dirishani.

Aliyeanzisha kundi alikuwa mzee mmoja mpiga picha wa harusi. Tulimwita Tata tu. Mwingine nitakayemtaja ni mama mmoja muuguzi, aliyejiunga wiki moja na mimi na ambaye tulijifunza pamoja, makosa yake na yangu yakifanana.

Kamera yangu niliinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Miezi ya kwanza sikujua hata kuisafisha. Tata alinifundisha kwa ujumbe wa sauti, taratibu, akikohoa katikati.

"Mutoto yangu, uzime aparei kwanza. Kisha uiinamishe, ile mudomo iangalie chini, njo utoe lenzi. Mavumbi ya hapa haina huruma."

Alisema kweli. Barabara yetu hupitiwa na malori ya madini mchana kutwa, na wakati wa kiangazi mavumbi mekundu yanakaa juu ya kila kitu, juu ya majani ya miembe, juu ya nguo zilizoanikwa, hata ndani ya sukari. Siku niliyobadilisha lenzi nikiwa nimesimama kando ya barabara, picha zangu zote zilitoka na madoa meusi angani kama inzi. Kundi zima lilinicheka, kisha wakaniambia namna ya kuyaondoa.

Nilijifunza mengi mle. Nilijifunza kubeba betri ya pili, kwa kuwa hizi kamera zinakula umeme na umeme wetu unakatika. Nilijifunza kufungua lenzi hadi mwisho ili kitu kimoja kionekane wazi na vyote vya nyuma viyeyuke. Nilijifunza kutopiga saa sita mchana, mwanga unapoanguka wima na kuchimba mashimo chini ya macho ya watu. Na nilijifunza jambo ambalo Tata alilirudia zaidi kuliko yote: foto nzuri haisemi yote, inaacha kitu.

Mtu anayejifunza anahitaji kitu cha kupiga kila siku, na kitu kilichokuwapo kila siku kwetu kilikuwa mama yangu.

Mama aliishi nasi tangu baba alipofariki. Lupango letu ni dogo: nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje, bomba, na ukuta wa matofali ambao hatujaumaliza. Mama aliamka kabla yetu sote, akawasha mbabula, jiko letu la makaa, na kuanzia hapo hadi jioni mikono yake haikukaa bure. Alikuwa mama wa kanisa, mnene kidogo, mwenye sauti nzito, hata kwaya ilimweka nyuma ili isiwafunike wengine. Alizaliwa Kasaji, mji ulio kwenye reli, na mpaka mwisho alisema Kiswahili chake na Kilunda ndani yake.

Picha yangu ya kwanza kusifiwa ilikuwa ya mikono yake ikitwanga majani ya sombe. Nilipiga karibu sana, mchi ukiwa katikati, majani ya kijani yakiwa yameruka na kusimama hewani. Muuguzi aliandika, "Hii sasa ni foto." Tata alituma sauti: "Uko naona, mutoto yangu? Haukuweka sura, na tunamujua huyu mama. Mikono inatosha."

Nilisikiliza ujumbe ule labda mara tano. Nilikuwa mtu mzima, baba wa mtoto mmoja, na sikumbuki kuwa kuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo kwa kazi ya mikono yangu.

Basi nikaendelea. Nilipiga mgongo wake akiwa ameinama juu ya mbabula, moshi ukipanda mabegani. Nilipiga nyayo zake zilizopasuka juu ya mkeka. Nilipiga kivuli chake ukutani akianika nguo. Nilipiga shingo yake kwa nyuma, fundo la kitambaa cha kichwa, na kipuli kimoja cha shaba. Siku ya mada ya mlango nilimsimamisha mlangoni jua likiwa nyuma yake, akatoka mweusi mtupu, umbo la mwanamke lisilo na macho wala mdomo, na kundi likasema kuwa ni picha bora ya mwezi ule.

Kila nilipopiga nilimwonyesha kwenye skrini ya nyuma. Alikuwa akifuta mikono kwanza, kana kwamba anapokea kitu cha kula.

"Na mimi niko wapi?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Hii ni mikono."

"Mikono yako."

"Ehe. Mikono yangu mi naijua," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Sikuona kwamba ni malalamiko. Nilimcheka hata kwenye kundi, nikaandika: mama yangu haelewi picha za kisanaa. Watu wakaweka vicheko. Ujumbe ule bado umo ndani ya simu. Naweza kuutafuta na kuufikia wakati wowote, na mara nyingine naufikia.

Mwaka mmoja kabla hajatuacha, kanisa lilimchagua kuwa msimamizi wa akina mama. Ofisini kwa mchungaji kuna ukuta wenye picha za wasimamizi waliopita, kila mmoja katika fremu yake, na katibu alimwambia alete ya kwake. Mama hakuniambia siku ile. Alisubiri hadi Jumamosi nikiwa nyumbani. Aliporudi kutoka sokoni alioga, akavaa kikwembe chake cha sherehe, kile cha zambarau chenye ndege, akafunga kitambaa cha rangi ile ile, akapaka mafuta usoni. Kisha akatoa kiti sebuleni, akakiweka mbele ya ukuta wa matofali na kukaa, mikono juu ya magoti.

"Njo unipige sasa," alisema. "Sura. Na mabega. Kama ya pasipoti lakini muzuri."

Nilitoka na kamera. Nikaweka jicho. Kijisanduku cha kijani kiliruka kikatua juu ya jicho lake la kushoto, kwa maana hizi kamera zina akili hiyo, zinatafuta jicho la mtu zenyewe. Ningebonyeza. Sekunde moja ingetosha. Lakini ilikuwa saa sita na nusu, jua lilikuwa juu kabisa, na chini ya nyusi zake kulikuwa na vivuli vyeusi, puani kivuli, kidevuni kivuli. Nilimwona kupitia macho ya kundi. Nikashusha kamera.

"Mwanga ni mubaya, mama. Tungoje saa kumi na moja. Utatoka muzuri zaidi."

Alitazama juu, angani, kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua inakuja.

"Mwanga ni mubaya," alirudia. "Sawa. Tutangoja."

Alingoja akiwa amevaa. Sikuwa nimemwomba avue wala abaki, alibaki. Alikula amejitandika taulo kifuani ili asichafue. Majirani walipita wakamwuliza kama anaenda harusini, akawajibu kuwa anangoja mwanga.

Saa kumi kasoro ujumbe uliingia. Muuguzi alikuwa amesikia kwamba treni ya mizigo, ndefu, inatoka upande wa Lubudi na itavuka daraja kabla ya jua kuzama. Mada ya wiki ilikuwa mwendo. Tata aliandika tu mahali pa kukutana. Nilichukua begi, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Nakumbuka nilimwambia mama kitu nikiwa getini. Nafikiri nilisema narudi sasa hivi. Mke wangu anasema sikusema lolote.

Treni ilichelewa, kama kawaida yake. Tulisimama watu sita kwenye nyasi tukitazama reli, tukibishana kuhusu kasi ya shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, muuguzi akigawa karanga. Ilipokuja ilipita polepole sana, mabehewa ya rangi ya kutu, na mwanga ulikuwa wa dhahabu kila mahali, juu ya chuma, juu ya mikono ya dereva iliyotoka dirishani. Tulifurahi kama watoto. Niliporudi mwanga ulikuwa umebaki kidogo juu ya ukuta wetu. Mama alikuwa jikoni, amevaa nguo zake za nyumbani, anamenya mihogo.

"Mama, mwanga bado uko. Vaa haraka."

"Acha," alisema. "Hakuna neno. Nimesha choka."

Kiti kilikuwa bado pale mbele ya matofali, na juu ya egemeo lake mama alikuwa ameweka kitambaa cha kichwa, kile cha zambarau. Jua la mwisho lilikuwa linakiangukia. Nilikipiga. Nilikipiga kwa makini, nikapiga magoti, nikabadilisha pembe mara tatu, na jioni hiyo hiyo nikakituma. Hakuna picha yangu iliyowahi kupokelewa vile. Watu waliandika kwamba wanamwona mwanamke aliyekaa pale ingawa hayupo.

Kanisani mama alipeleka jina lake limeandikwa kwenye karatasi, bila picha. Hakuniomba tena.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipoanza, alisema anaenda Kasaji kwa dada yake, kusaidia kupanda. Alikwenda kila mwaka, nasi tulizoea. Nilimsindikiza asubuhi hadi mahali malori yanapopakia. Alipanda mbele, kando ya dereva, begi lake magotini, akanipungia mkono kupitia kioo. Kamera ilikuwa nyumbani. Kioo kilikuwa kichafu na sikumwona vizuri.

Wiki ya tatu, dada yake, ambaye sisi tunamwita mama mukubwa, alipiga simu. Sauti ilikatika katika. Nilisikia homa, nikasikia dispensari, nikasikia kwamba anakula kidogo. Niliuliza kama nije. Alisema mama mwenyewe amekataa, amesema kazi yangu isiharibike. Nikaomba ruhusa kazini hata hivyo, na mkuu wangu akasema ningoje yule mwenzangu wa dirishani arudi kutoka likizo, siku mbili tu. Nikangoja siku mbili. Katika siku hizo mbili nilituma picha moja kwenye kundi, ya matone ya mvua juu ya waya.

Nilisafiri kwa lori hadi barabara ilipokataa, kisha kwa pikipiki. Matope yalikuwa mengi. Mara nne tulishuka tukasukuma. Begi la kamera lilikuwa mgongoni kwangu. Sikuamua kulibeba, nililichukua kama mtu anavyochukua kofia. Nilifika Kasaji siku ya pili, saa nne asubuhi, na nikiwa bado mbali na nyumba niliona wanawake wamekaa chini, nje, miguu imenyooshwa, hawazungumzi. Dereva wa pikipiki alizima injini bila kuambiwa.

Alikuwa amekufa alfajiri.

Mama mukubwa alinishika mkono akanipeleka ndani. Mama alikuwa amelazwa juu ya mkeka, ameshavishwa, amefunikwa hadi kifuani. Walikuwa wamemfunga kile kitambaa cha zambarau. Nilikaa karibu naye, sijui muda gani. Watu waliingia na kutoka. Nililia kidogo, kisha machozi yakakauka, nikawa natazama tu ukuta wa udongo na kalenda ya zamani iliyobandikwa pale.

Mama mukubwa ni mkubwa kwa mama kwa miaka mingi, mdogo wa umbo, mwenye maneno machache. Alisimama nyuma yangu.

"Uko na aparei," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umupige. Tunamuzika leo, mvua inakuya. Ndugu yako mwanamuke eko Kolwezi, wajukuu beko Kolwezi. Batamuona namna gani?"

Sikutaka. Nilimwambia hivyo. Alisema, bila ukali, "Haiko juu yako weye."

Nikatoa kamera. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe: nikafungua lenzi, nikaongeza wepesi wa kamera kushika mwanga kwa sababu chumba kilikuwa na giza, nikaweka jicho. Na kijisanduku kile cha kijani kikaanza kutafuta. Kilikwenda kwenye uso wa mama mukubwa. Nilipomwomba asogee, kilikwenda kwenye kalenda, juu ya jicho la mwanamke aliyetangaza sabuni. Kikapotea, kikarudi kwenye kalenda. Juu ya mama hakikutua hata mara moja. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mashine haikuona kuwa pale pana mtu. Ilinibidi niizime akili yake na kulenga kwa mkono, kama Tata alivyofanya ujana wake wote.

Nilipiga tatu. Nilikuwa nimeweka shata ya kimya, kama tufanyavyo kanisani.

"Umesha piga?" mama mukubwa aliuliza.

"Nimesha."

"Sikusikia kitu."

"Haitoi sauti."

"Basi," alisema. Tulimzika saa nane, mvua ikianza.

Niliporudi Kolwezi kilio kilikuwa kimeshawekwa nyumbani. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti, viti vya plastiki vilikuwa vimekopwa kanisani, akina mama wa kwaya walikuwa wanapika bukari kwenye masufuria makubwa. Katikati kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na mshumaa. Dada yangu, ambaye ni mdogo wangu wa pekee, alitoka kunilaki, tukashikana, tukalia. Kisha akafuta uso, akanionyesha meza.

"Nimekungoja weye," alisema. "Leta foto ya mama, tuweke."

Nilisema sawa. Niliingia chumbani, nikafungua kompyuta. Nakumbuka sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa na maelfu ya picha mle, na mama alikuwa ndani yake miaka mitatu mizima.

Nilianza na folda ya kwanza. Mikono. Mikono. Mgongo. Nyayo. Mikono na maharage. Kivuli. Niliharakisha. Mama mlangoni, mweusi mtupu. Nikaongeza mwanga kwa programu, nikavuta hadi mwisho, na usoni hapakutoka kitu ila chembechembe za kijivu, kwa sababu mwanga niliupima kwenye jua, si usoni kwake. Mama anacheka, hii moja, nikashtuka kwa furaha: lakini nilikuwa nimelenga sufuria, na nyuma yake kicheko cha mama kilikuwa doa la kahawia lenye kitu cheupe katikati. Mama nyuma ya mvuke. Mama nusu uso, na nusu hiyo nilikuwa nimeikata makusudi, pembeni mwa picha, kwa ajili ya mpangilio.

Kompyuta ina mahali inakusanya nyuso zote inazozitambua. Nikafungua pale. Kulikuwa na wachimbaji waliotoka shimoni na magunia yao, waliosimama wakanitazama bila haya. Kulikuwa na dereva wa treni. Kulikuwa na muuguzi, na Tata na kofia yake, na mtoto wangu mara mia kadhaa, na mwuza samaki ambaye hata jina lake sijui. Mama hakuwapo.

Dada alisukuma mlango. Alikaa kando yangu kitandani akaona nilichokuwa nakitazama.

"Moja tu," alisema. "Sura tu."

"Natafuta."

"Ulikuwa unamupiga kila siku. Kila siku, mi niliona."

"Natafuta, nimesema."

Alitazama picha zikipita, mikono, mgongo, mikono, hadi akaweka kiganja chake juu ya skrini, si kwa nguvu.

"Kasaji haukumupiga?"

Nilimwonyesha moja kati ya zile tatu. Aliitazama kwa muda mfupi sana. Alisema, "Hapana. Hii hatuweke. Hii batoto basione. Ufute." Na nilizifuta zote tatu palepale, akiwa anatazama, nikaisafisha kadi yote ya kamera ili awe na hakika. Nilifanya hivyo haraka, na ukweli ni kwamba nilishukuru kupata mtu wa kuniamuru.

Niliandika kwenye kundi. Niliwaambia kwamba mama amefariki na ninaomba kila mmoja atafute kama ana picha yake, yoyote, inayoonyesha uso. Walikuwa wamekuja kwetu mara nyingi, walikuwa wamekula chakula chake. Kwa saa nzima hakuna aliyeandika. Kisha rambirambi zikaanza kuingia, na katikati ya rambirambi, maneno yale yale: nimetafuta, sina, nisamehe. Wote walikuwa wamepiga mbabula yetu, paka wetu, mtoto wangu, ukuta.

Muuguzi alituma moja. Alikuwa amempiga mtoto wangu siku ya kuzaliwa kwake, na nyuma, mbali, mama anatoka jikoni na sinia. Anatazama kamera. Inaonekana anatabasamu. Nasema inaonekana kwa sababu muuguzi alikuwa amefungua lenzi hadi mwisho, kama nilivyomfundisha mimi, ili vya nyuma viyeyuke. Mama ameyeyuka.

Tata alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Aliketi kwanza na wanaume, kama desturi. Kisha akaniita kando ya ukuta.

"Mama yako nilimupiga ku ndoa ya binti ya mchungaji," alisema. "Mbele kabisa, amesimama, anaimba. Sura wazi. Nilitafuta tangu jana. Ile diski ilikufa kitambo, nilisahau."

"Hakuna neno, Tata."

"Iko neno." Alivua kofia yake, akaitazama ndani. "Mi nimepiga foto miaka yote hii, watu banakaa mbele yangu, banatazama, napiga. Nilichoka. Nilikuwa naona ni kazi ya mapasipoti. Nikapata ninyi, nikawafundisha ile mi nilitamani kufanya. Sikuwaambia ile ya mwanzo."

Nilitaka amalizie, aseme ile ya mwanzo ni ipi, ingawa nilijua ni sura. Lakini alirudi akaketi na wazee wengine, na alipoondoka alinipa mkono bila kunitazama.

Mwishowe tulitumia kadi yake ya mpiga kura. Humo picha yake ni ndogo kama ukucha, ya kijivu, imechapwa juu ya karatasi iliyokwisha kufifia, na muhuri umeukata mdomo wake. Dada aliipeleka studio moja sokoni. Kijana wa pale aliikuza, akaisafisha, akamtengenezea mdomo mwingine, na kwa kuwa chini ya kidevu hapakuwa na kitu, akamwekea mwili kutoka kwenye mashine yake: suti ya buluu, mkufu wa lulu, mabega membamba. Mama hakuwahi kuvaa suti maishani mwake. Nyuma akamwekea mapazia na maua. Fremu ni ya dhahabu.

Dada alipoileta, akina mama wa kwaya walisimama mbele yake, wakaitikia kwa vichwa, mmoja akaanza wimbo. Dada alisimama mbele yake akasema taratibu, "Basi. Ni mama." Nami nikasema ni mama. Baada ya kilio tuliitundika sebuleni. Nakala yake iko ofisini kwa mchungaji, kwenye ule ukuta, pamoja na wasimamizi wengine.

Sijaondoka kwenye kundi. Sasa tuko wengi, vijana wengi, na maswali ni yale yale kuhusu mavumbi na betri. Mara moja kijana mmoja mgeni alituma mikono ya nyanya yake ikichambua mchele. Picha nzuri, mwanga wa dirisha, imelengwa sawasawa. Watu walimsifu. Niliandika maneno kadhaa, nikayafuta, nikaandika tena, na mwisho nikamwandikia pembeni, yeye peke yake, kwamba ampige na uso pia, hata kama mwanga ni mbaya, hata leo. Alinijibu kwa kidole gumba. Sijui kama alifanya.

Tata bado anatuma sauti, mara chache. Hatusemi juu ya siku ile. Muuguzi aliniomba nimpigie ubatizo wa mtoto wake nikaenda, nikapiga nyuso zote kwa safu, wima, mchana, kama mtu anayehesabu mifuko, na alinishukuru kwa adabu. Kadi niliyoitumia ni ile ile ya Kasaji. Nimeshaijaza na kuisafisha mara nyingi. Nilimwuliza mtu mmoja anayejua kama kilichofutwa kinaweza kurudi, akaniuliza ni kitambo gani, nilipomwambia akatikisa kichwa.

Mtoto wangu alikuwa na miaka minne mama alipofariki. Ukimwuliza bibi ni nani, anaonyesha yule mwanamke wa suti ya buluu. Mwanzoni nilimsahihisha. Nilimwambia bibi alikuwa mnene, bibi alikuwa na mabega mapana, bibi hakuvaa lulu. Alinisikiliza, akatazama picha, akanitazama mimi, na niliona kwamba anaamini picha.

Mwezi uliopita dada alikuja kula nasi Jumapili. Tulikuwa tunazungumza juu ya mama, mambo madogo, na nikataja alama aliyokuwa nayo shavuni, doa dogo jeusi, karibu na sikio la kulia.

"La kushoto," dada alisema.

"La kulia. Alipokuwa anatwanga nilikuwa nakaa upande ule."

"Ulikuwa unatazama mikono," alisema. Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kula.

Tulitazama fremu. Kijana wa studio alikuwa ameyasafisha mashavu yote mawili. Tulichukua kadi ya mpiga kura tukaipeleka dirishani, tukaitazama kwa zamu, na hapakuwa na kitu kinachoonekana. Basi nikampigia mama mukubwa Kasaji, aliyemjua tangu kuzaliwa. Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo, nilimsikia vizuri. Nilimwuliza alama ya mama ilikuwa shavu gani.

Alinitaka nirudie swali. Kisha akasema, "Alama gani? Mama yako hakukuwa na alama."